UZI: Fedha na ibada kwenye hadithi za karne zijazo, na swali langu la mnada wa Rungwe mwaka 2090

Mleta uzi (Mbeya)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aupitie kesho akiwa ametulia.

Nasoma sana hadithi za kubuni za kisayansi, zile za vyombo vya anga, roboti na miji ya mwaka 2300. Waandishi wake wana akili kubwa ya kubuni injini na silaha. Lakini wakifika kwenye fedha na ibada, wengi huchagua moja kati ya mawili: wanavifuta kabisa, au wanavigeuza fimbo ya wakubwa. Mtu wa kawaida anayetoa cha kwake kwa hiari, kwa sababu anaamini, simuoni. Kwa sisi tuliolelewa nyanda hizi za juu kusini, ambako Jumapili ni siku ya ibada na ya hesabu kwa pamoja, hilo ni pengo kubwa, na nataka tulizibe kwa kuandika.

Tuanze na wanaofuta. Mwaka 1888 Mmarekani Edward Bellamy alitoa riwaya iitwayo Looking Backward. Mhusika wake analala usingizi Boston mwaka 1887, anaamka mwaka 2000. Noti na sarafu hazipo tena. Kila raia anapewa kadi yenye kiwango cha mwaka mzima, sawa kwa wote, na akichukua kitu kwenye ghala la umma kadi inatobolewa. Jumapili watu wanakaa sebuleni na kusikiliza mahubiri kwa simu. Kadi na mahubiri ya simu, mwaka 1888! Lakini angalieni ibada inavyogharamiwa mle ndani. Wanaomtaka mchungaji wanachangishana kutoka kwenye kadi zao ili kulifidia taifa kwa muda wake. Yaani kilichobaki ni mshahara tu. Sadaka yenyewe imeyeyuka, na mwandishi hakuona kuwa kuna kitu kimepotea.

Star Trek nayo imefuta fedha kwa binadamu wake, kisha ikawatwisha mzigo huo Waferengi, viumbe wa sayari nyingine ambao hata ahera yao ina hazina takatifu, na aliyekufa bila faida haingii. Nawapita haraka.

Kwa upande wa fimbo, inayoninyima usingizi ni The Handmaid's Tale ya Margaret Atwood, ya mwaka 1985. Watu waliobeba Biblia na bunduki wamechukua nchi na kuiita Gileadi. Kabla ya yale mavazi mekundu yanayojulikana, mama mmoja anakwenda kununua sigara na namba yake ya malipo inakataa. Siku hiyohiyo anaondolewa kazini pamoja na wanawake wenzake wote. Akaunti zote za wanawake zimefungwa, na mwenye ruhusa ya kuzigusa ni mume au ndugu wa kiume. Hakuna mlango uliovunjwa wala fedha iliyoporwa mkononi. Mtu fulani amebonyeza mahali fulani, basi. Baadaye anatumwa sokoni na vipande vyenye picha za mayai na nyama, kwa sababu hata kusoma amekatazwa.

Mwaka 1985 hilo lilikuwa jambo la kubuni. Hapa kwetu M-Pesa iliingia mwaka 2008, na leo kwenye soko la Mwanjelwa hapa Mbeya mama wa ndizi analipwa kwa lipa namba, na makanisa yametundika lipa namba zao ukutani. Julai 2021 tulipowekewa tozo za miamala, anayetuma sadaka kwa simu na anayetuma ada ya mtoto walikatwa kwa kanuni ileile. Sisemi tumekuwa Gileadi ya Atwood. Ninachosema ni kwamba mtambo aliouwaza upo mifukoni mwetu, na mwenye kuushika anaweza kuwa mwema leo na kesho akaja mwingine.

Kisha kuna Foundation ya Isaac Asimov, iliyotoka kama kitabu mwaka 1951. Wanazuoni wachache wanaishi kwenye sayari ya pembezoni, wamezungukwa na falme zenye jeshi lakini zilizosahau sayansi ya nguvu za atomu. Wanawapa majirani mitambo, ila wanaivisha vazi la dini: mafundi ni makuhani, kuiwasha ni ibada, na mfalme akikaidi kuhani anaizima. Baadaye dini hiyo inachosha, kila mfalme anaiogopa kwa sababu anajua nyuma yake kuna nani. Anakuja mfanyabiashara, Hober Mallow, anaiweka pembeni na kuuza vifaa tu, visu, majiko, mashine za viwandani. Vita vinapokuja, adui anashindwa bila pigo kubwa, kwa kuwa vifaa vinaharibika na vipuri havipatikani.

Niliposoma hapo nilifikiria Rungwe. Wamoravian walifika mwaka 1891, Walutheri wa Berlin waliingia Unyakyusa mwaka huohuo. Kodi ya nyumba ya Wajerumani ikaja mwaka 1898, na mtu aliyeishi kwa ng'ombe na migomba yake akatakiwa kutafuta rupia. Siwasingizii wamisionari kuwa walikuwa makuhani wa Asimov. Wapo waliozikwa hapahapa, na shule na hospitali walizoanzisha zimetusomesha na kututibu. Ila kwa babu zetu, Mungu wa kitabu na fedha ya sarafu viliingia ndani ya miaka saba, kwa barabara moja. Asimov alihitaji galaksi nzima kusimulia hayo.

Na hata kabla ya hapo vilikuwa jirani. Majembe ya chuma ya Wakinga yalishuka kutoka milimani kwenda kwa Wanyakyusa kubadilishwa na chakula. Wale mashujaa ambao Wanyakyusa waliwatambikia pale Lubaga, masimulizi yanasema ndio walioleta moto, ng'ombe na chuma. Chombo cha kubadilishia mali na chanzo cha baraka vilitajwa kwa pumzi moja. Ndiyo maana nawaambia eneo hili lina haki ya kuandika hadithi hizi kuliko maeneo mengi.

Sasa nifike kwenye swali langu.

Mnaujua mnada baada ya ibada. Asiye na fedha taslimu analeta alichovuna: maharage, kuku, mkungu wa ndizi, parachichi, mayai. Ibada ikiisha vinanadiwa nje. Yai linaanza shilingi mia tano, linapanda hadi elfu tano, na aliyelinunua anasema "nadini tena". Linanadiwa mara tatu, linaishia mkononi mwa bibi asiye na kuku au mgeni aliyepita njia.

Mimi nauona mnada huu kama uvumbuzi mkubwa wa kiuchumi. Mtu mwenye yai moja ametoa elfu kumi na tano, kwa sababu wenzake wamelibeba yai lake. Bei ya pale haisemi lolote kuhusu yai. Inasema juu ya watu.

Hadithi yangu ipo Rungwe, mwaka 2090. Fedha zote ni za mtandao, na akili ya mashine inasimamia kila muamala kwa ajili ya kuzuia wizi na utakatishaji wa fedha chafu. Inajua bei halali ya kila kitu, saa kwa saa. Jumapili moja inaona yai limeuzwa mara hamsini ya bei ya soko, likauzwa tena, likauzwa tena, fedha zote zikaingia akaunti moja. Kwa vipimo vyake huo ni utakatishaji wa wazi. Inafunga akaunti ya ushirika, yaani ya waumini wa kanisa hilo. Mzee wa kanisa anaitwa kujieleza mbele ya mashine.

Atasema nini? Nimekwama hapo. Kila jibu ninalomwandikia linakuwa mahubiri, na mashine haihitaji mahubiri, inahitaji hoja. Nisaidieni.

Mdau wa Tunduma

Mleta uzi, asalaam aleikum. Umegusa sehemu ninayoipenda, ingawa mimi ni wa msikitini na mnada wenu nimeushuhudia kama jirani tu.

Kwanza nikuongezee mfano mmoja kutoka upande wetu. Zaka ya mali kwetu ni asilimia 2.5, na huwajibiki mpaka mali yako ifike nisabu, yaani kiwango cha chini, ambayo kwa dhahabu wengi wanaihesabu gramu 85, na iwe imezungukiwa na mwaka mzima wa mwezi mwandamo. Haya, mpeleke Muislamu Mirihi. Mwaka wa kule ni siku 687 za kwetu. Miezi ipo miwili, na ule wa Phobos unaizunguka sayari kwa chini ya saa nane. Mwaka wake wa zaka unahesabiwa kwa mwezi upi? Si swali la mzaha. Oktoba 2007 Mmalaysia Sheikh Muszaphar Shukor alikwenda kituo cha anga za juu wakati wa Ramadhani, na nchi yake ilitoa mwongozo wa namna ya kusali akiwa kule. Jibu la msingi lilikuwa kurudi kwenye saa za mahali aliporukia. Kwa hiyo mimi naamini Muislamu wa Mirihi atahesabu kwa mwezi wa dunia, na Makka itabaki kalenda yake hata kama hajawahi kukanyaga ardhi hii.

Pili, dhahabu yenyewe. Oktoba 2023 NASA walirusha chombo kwenda kwenye asteroidi, mwamba mkubwa unaozunguka jua, iitwayo Psyche, na magazeti yakaandika thamani ya madini yake kwa tarakimu zisizosomeka. Siku madini ya angani yakishushwa, bei itaanguka. Tuna ushahidi: Mansa Musa, mfalme wa Mali ya Afrika Magharibi, alipopita Cairo mwaka 1324 akielekea hija, aligawa dhahabu mpaka thamani yake ikashuka pale mjini. Mtu mmoja, safari moja ya ibada, ameyumbisha soko! Sasa fikiria meli zinazoshusha madini ya miamba hiyo. Gramu 85 zitakuwa na thamani ya gunia la mahindi, na kwa kipimo hicho hata masikini atajikuta anadaiwa zaka badala ya kupokea. Masheikh wa wakati huo watakuwa na kazi kubwa kuliko wahandisi.

Na hapa jirani kipo kimondo cha Mbozi, pale Ndolezi, ambacho wenyeji walikijua kabla wageni hawajakiandika mwaka 1930. Sehemu yake kubwa ni chuma. Hakuna aliyekipangia bei.

Tatu, na hili ndilo zito. Unamtetea mtoaji wa hadharani. Mtoaji wa siri umemuacha wapi? Mtume wetu ametaja watu saba watakaokaa kwenye kivuli cha Mwenyezi Mungu siku isiyo na kivuli kingine, na mmoja ni yule anayetoa sadaka kwa kuificha mpaka mkono wa kushoto usijue kilichotolewa na wa kulia. Nyinyi mnalo neno hilohilo kwenye Injili. Kwenye dunia yako ya 2090, ambapo kila senti ina jina la aliyeituma, sadaka ya siri haiwezekani tena. Mashine inamjua aliyetoa milioni, inamjua aliyetoa sifuri. Kwangu mimi hilo ni msiba mkubwa kuliko akaunti ya ushirika kufungwa.

Mleta uzi (Mbeya)

Waaleikum salaam, kaka. Hoja yako ya tatu nimeisoma mara kadhaa. Noti iliyokunjwa ndani ya kapu haina jina, na mimi nilikuwa nimeichukulia kama jambo la zamani litakalopita. Inaingia kwenye hadithi, tena mapema: mzee wa kanisa atagundua kuwa mashine ina orodha ya miaka thelathini ya nani alitoa nini, na kwamba mtu yeyote mwenye cheo anaweza kuiomba.

Mdau wa Makambako

Kamwene. Dada yenu hapa, mtunza funguo wa kikundi cha VICOBA, kile cha kuweka na kukopeshana. Naomba nipingane kidogo na mleta uzi.

Mnada ni mzuri ukiwa na kitu cha kunadi na fedha ya kupandia bei. Wapo akina mama wanaoondoka ibada ikikaribia kuisha ili wasisimame pale wakiwa mikono mitupu, huku wenye maduka wakishindana kwa kuku. Yesu aliwatazama matajiri wakitia sadaka zao, akamsifu mjane wa senti mbili, na hakuna aliyemtangaza mjane yule kwa kipaza sauti. Kwa hiyo ukiandika, usitupambie. Waonyeshe na hao wanaotoka mapema.

Kuhusu swali lako la mzee wa kanisa, mimi nadhani umemtuma mtu asiyefaa. Unamtaka mtu mmoja aishawishi mashine moja. Sisi kwenye kikundi tuna kasha lenye kufuli tatu na funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti. Mwenyekiti hana ufunguo, katibu hana ufunguo. Kasha halifunguliwi mpaka wote watatu wawepo na wanakikundi wameketi wanaona. Hisa zinahesabiwa kwa sauti, mfuko wa jamii unahesabiwa kwa sauti, mwenye kusahau anakumbushwa na mwenzake. Tumekaa hivyo bila mashine na hatujaibiana.

Yule mama wa kwenye kitabu cha Atwood alifungiwa kwa sababu ufunguo ulikuwa mmoja na haukuwa kwake. Mzee wako wa 2090 mpe kasha letu. Akaunti ya ushirika isifungwe wala kufunguliwa bila funguo tatu: mashine iwe na mmoja, ushirika uwe na mmoja, na wa tatu akae nao mtu wa nje ya kanisa, hata ndugu yetu wa Tunduma. Hapo mashine itabidi isikilize, maana peke yake haiwezi.

Mdau wa Iringa

Niko upande wa dada wa Makambako. Mimi kwetu ni Isimani, mnajua ukame wa kule. Kwenye Dune, riwaya ya Frank Herbert ya mwaka 1965, watu wa jangwani wana pete za chuma zinazowakilisha kiasi cha maji. Mtu akifa maji ya mwili wake ni ya jamaa yote, yanapimwa mbele ya watu, na pete zinakabidhiwa kwa maneno ya ibada. Akiba ya pamoja haiguswi hata kwa kiu, imetunzwa kwa ajili ya siku watakayoibadili sayari yao kuwa ya kijani. Nilipoisoma nikawaza kisima chetu na kamati yake. Ile fedha ina nguvu kwa sababu kila anayeihesabu amewahi kuona kiu. Mashine ya mleta uzi haijawahi kukosa yai. Ningependa mzee wa kanisa aanzie hapo, aiulize imejuaje bei ya kitu ambacho haijawahi kukihitaji.

Mdau wa Tukuyu

Wakuu, nimefuatilia kimya. Mimi ni mzee wa kanisa, sasa mnanizungumzia mimi.

Mleta uzi, mwanangu, mashine haijiamulii bei halali. Kuna mtu aliyekaa akaandika kwamba kitu kikizidi mara kadhaa ya bei ya soko, fungia. Mtu huyo umemficha. Ukimficha, hadithi yako itakuwa ya watu wema dhidi ya bati. Nimekaa kwenye vikao vya fedha vya kanisa muda mrefu, na nakuambia kanuni ngumu huwa ina sababu. Mtu aliwahi kuumizwa mahali. Upo uwezekano kabisa wa mwizi kuleta fedha chafu mnadani, akanunua yai kwa milioni kwa mpango na mtu wa ndani, kisha wakagawana upande wa pili. Mkiniuliza kama hilo linawezekana hata leo, nasema linawezekana.

Mtafute aliyeandika ile kanuni. Mpe ukoo.

Mleta uzi (Mbeya)

Shikamoo mzee. Ndaga fijo, asante sana.

Nimempata. Ni binti wa hapohapo Rungwe, amekulia kwenye ushirika huo, mama yake ni mmoja wa wale wanaotoka ibada ikikaribia kuisha. Alipokuwa mdogo, fedha za mnada wa paa la kanisa zilipitishwa kwenye mayai ya uongo na paa halikuezekwa. Akasoma, akaajiriwa kuandika kanuni za mashine, na hii ya bei ndiyo ya kwanza aliyoiandika, kwa ajili ya kuwalinda watu wa kwao.

Kwa hiyo mzee wa kanisa hatazungumza na mashine. Atapanda basi kwenda kumtafuta binti huyo, akiwa na mtunza funguo kutoka Makambako na Muislamu wa Tunduma. Orodha ya miaka thelathini binti anayo, na jina la mama yake limo, na mbele yake pana sifuri kila Jumapili. Bado sijajua ataifanya nini orodha hiyo kabla ya kukubali kugusa kanuni. Sehemu ya kwanza naiandika wiki hii, nitaibandika humuhumu. Mzee wa Tukuyu, naomba unisaidie na utaratibu wa kikao cha fedha: nani anafungua, nani anasoma taarifa, na mtu wa nje akitaka kusema anaombewa ruhusa na nani.